Delmar Zastrow, Fundi Aliyekataa Kulegeza Vifyatulio

Marehemu Delmar Emil Zastrow alizaliwa Jumapili, tarehe 17 Juni 1951, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la wazazi wake nje ya mji wa Tamarack Falls, kaskazini mwa Wisconsin. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Bwana Emil na Bi Hulda Zastrow. Alibatizwa humu humu kanisani, na marehemu mama yake alikuwa akisimulia kwamba alilia kuanzia mlangoni hadi kwenye maji na kurudi mlangoni, kwa sababu kofia yake ilikuwa imefungwa upande. Dada yangu Ardis, ambaye leo ni mjane wake, ndiye aliyeniomba mimi Lorna niandike wasifu huu, kwa kuwa nimekaa ng'ambo ya barabara yao karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Aliniambia, "Andika ukweli, Lorna, ila usimseme vibaya." Nimejaribu. Mambo hayo mawili hayakukubali kukaa kwenye kiti kimoja.

Marehemu alisoma katika shule ndogo ya mashambani iliyokuwa karibu na kwao hadi ilipofungwa, kisha sekondari ya hapa mjini, akahitimu Mei 1969. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja. Ukutani palikuwa na mashine ya kuchongea penseli, ile ya kuzungusha kwa mkono, na siku moja wakati wa chakula cha mchana Delmar aliifungua yote akaipanga vipande vipande juu ya meza ya mwalimu.

"Delmar," mwalimu akamwambia, "mashine hiyo ilikuwa inafanya kazi."

"Ilikuwa inafanya, mwalimu. Ila ilikuwa haifanyi vizuri."

Mchana kutwa darasa zima liliandika kwa penseli butu. Alipoirudisha ukutani, haikuharibika tena mpaka shule yenyewe ilipobomolewa. Nawaeleza hili mapema ili mjue tulichokuwa tunapambana nacho. Tabu ya kuishi na Delmar ni kwamba mara nyingi alikuwa na haki, na kamwe hakuwa na haraka.

Mwaka 1970 aliitwa jeshini. Vijana wengi wa rika lake walipelekwa Vietnam, wengine wamelala katika makaburi haya tutakayoyaendea baadaye. Yeye alipelekwa Ujerumani, kwenye karakana ya silaha, na huko ndiko alikojifunza kazi ya maisha yake. Alirudi nyumbani mwaka 1972, akauza misumari na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, na jioni akawa anatengeneza bunduki za majirani katika banda la baba yake. Mwezi Septemba 1975 alifungua karakana yake mwenyewe kwenye Barabara ya Kinu, nyuma ya nyumba ile ambayo nyote mnaijua.

Alitengeneza kila kitu cha bunduki, kuanzia mtutu hadi kitako. Kilichompa jina, hata hivyo, kilikuwa kifyatulio, kile kijichuma kinachovutwa na kidole. Watu walitoka hata Michigan kumletea. Ndani ya bunduki, alikuwa akituambia kila tulipokosa ujanja wa kuondoka mezani, kuna vipande viwili vya chuma vinavyoshikana kwa upana usiozidi unywele. Mtu akikaza skrubu upande mmoja, vinashikana sana na kifyatulio kinakuwa kizito. Akilegeza, vinashikana kidogo na kinakuwa chepesi. Akilegeza kupita kiasi, havishikani tena. Vinaegemeana tu, kama walevi wawili wanaorudi nyumbani.

Na kila mwaka, siku mbili tatu kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, foleni ya pikapu ilifika hadi kwenye lango langu, na kila mwenye pikapu alitaka jambo lile lile. Nimeyasikia mazungumzo haya mara nyingi kuliko mahubiri.

"Delmar, nilegezee kidogo. Nataka nikigusa tu, iende."

"Iende wapi?"

"Si kwa kulungu, jamani!"

"Na ukigusa bila kukusudia, itaenda kwa nani?"

"Mimi si mtoto, bwana."

"Kidole chako nacho si mtoto. Lakini Novemba kimeganda, kimo ndani ya glovu nene kama soksi, na hakikusikii unachokiambia."

Kisha anakataa. Kulikuwa na uzito ambao hakukubali kushuka chini yake, awe ni meya, awe ni mchungaji, awe ni mkwewe. Waliokasirika walikwenda kwa fundi mwingine, na Delmar aliwasindikiza hadi mlangoni akiwaambia, "Nenda salama." Alimaanisha neno hilo kwa moyo wake wote, na hilo ndilo lililowaudhi zaidi.

Watu wameniuliza wiki hii kama kuna aliyekufa mbele ya macho yake alipokuwa mdogo, au jambo baya alilolishuhudia jeshini. Nilimwuliza hilo hilo mwenyewe wakati fulani. Akasema, "Hapana. Kwani mpaka mtu afe?" Alikuwa hivyo tu.

Ndoa yake na dada yangu ilianzia kwenye karakana hiyo. Ardis alipoteza kidole cha shahada cha mkono wa kulia akiwa na miaka kumi na mitano, katika mashine ya kufunga nyasi kavu. Baada ya hapo aliwinda kwa kuvuta na kidole cha kati, na ili kifike ilimbidi aukunje mkono mpaka kiwiko kitoke nje kama bawa la kuku. Mwezi Februari 1976 alimpelekea Delmar bunduki yake ili kifyatulio kirekebishwe. Delmar alimpima mkono kwa uzi, akambonyezesha vidole kwenye donge la nta, akamwambia arudi Ijumaa.

Ardis alirudi Ijumaa, baada ya samaki wa kukaanga pale kilabuni, nami nilikuwa naye.

"Iko tayari?"

"Bado."

"Si ulisema Ijumaa?"

"Nilisema Ijumaa. Sikusema ipi."

Ikawa hivyo Machi, Aprili, Juni, Agosti. Mama yetu alianza kutabasamu jikoni. "Huyo kijana anakutaka," akasema. Ardis alikuwa na hasira za kweli. "Hanitaki, mama. Angekuwa ananitaka angemaliza!" Ukweli ni kwamba wote wawili walikosea. Delmar hakuwa anachelewesha ili amwone msichana. Alikuwa hajaridhika, basi.

Oktoba alimkabidhi. Hakuwa amerekebisha skrubu hata moja. Alikuwa ametengeneza kifyatulio kizima upya, kwa tupa na mikono, kimesogezwa pembeni na kupindwa kufuata kidole cha kati. Ardis aliinyanyua bunduki tupu begani, akavuta. Kiwiko chake kilitulia ubavuni kwa mara ya kwanza tangu ajali. Akavuta tena.

"Mbona hukuniambia kuwa unatengeneza kipya? Miezi minane nimekutukana kwa ajili ya skrubu!"

"Hukuuliza."

"Basi sasa nakuuliza. Utanioa, au hilo nalo litachukua miezi minane?"

Delmar alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, akasema anaomba afikirie. Ardis akavuta kiti akakaa. "Fikiri," akamwambia, "niko hapa hapa." Alifikiri kwa muda wa kutosha kikombe cha kahawa kupoa, akakubali. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Mei 1977, katika kanisa hili. Mama yetu alikuwa amependekeza Novemba iliyotangulia. Meza nzima ilimgeukia kama mtu aliyetaja kuchoma nyumba moto, naye akaomba radhi kwa msimu wa kulungu. Mungu aliwajalia binti mmoja, Nadine, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1980.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kaka yetu Arlen ameniomba nilisome hadharani. Nilimwambia linaweza kuachwa. Akasema, "Ukiliacha, nitasimama nilisome mimi, na unajua nisomavyo."

Jumamosi, tarehe 21 Novemba 1987, ilikuwa siku ya kwanza ya msimu. Tulikuwa kwenye kibanda chetu cha kuwindia, mimi, Ardis, Delmar, Arlen na baba yetu, mzee Torvald Brekke. Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Mimi nilikuwa nakaanga nyama ya nguruwe, na kila mtu alikuwa ameshavaa koti lake la rangi ya chungwa, ili tuonane msituni. Delmar akasimama mlangoni akasema hakuna anayetoka mpaka bunduki zote zijaribiwe. Alifanya hivyo kila mwaka, na kila mwaka tuliguna. Kulungu wanapita nje, sisi tunapangwa mstari kama watoto wa chanjo.

Jaribio lake lilikuwa hili: risasi zote nje, chemba, pale risasi inapokaa, itazamwe na watu wawili, kisha komeo, kile chuma kinachoingiza risasi, lifungwe kwa nguvu na bunduki igongwe kitako sakafuni ili ionekane kama itajifyatua. Ya baba ikapita. Ya Ardis ikapita. Yangu ikapita.

"Arlen, lete yako."

"Yangu iko sawa."

"Sawa ya nani?"

"Shemeji, huu si wakati wa darasa. Kunakucha."

"Arlen. Umegusa skrubu?"

Arlen aliangalia birika la kahawa. Mwezi mmoja kabla, Delmar alikuwa amekataa kumlegezea kifyatulio hicho, na Arlen alikuwa amerudi nyumbani akakaa kwenye meza ya jikoni na bisibisi ndogo na gazeti la wawindaji lenye picha.

"Nimeigusa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo! Kama mtu anavyogusa."

Delmar aliichukua, akatoa risasi, akamwonyesha baba chemba tupu, akaelekeza mtutu kwenye gogo la ukuta, na akalisukuma komeo kama mtu aliye na haraka. Tak! Pini ya kufyatulia risasi ikapiga. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye komeo. Kwenye kifyatulio hapakuwa na kidole chochote.

Nyama yangu ikaanza kuungua.

"Umeifunga kwa hasira," Arlen akasema.

"Na wewe ukimwona dume la pembe kubwa, utaifunga kwa adabu?"

"Hii ni bunduki yangu. Babu aliniachia mimi, hakukuachia wewe."

"Ndiyo. Na mbele yako leo anatembea dada yako."

Alilichomoa komeo, akalitia kwenye mfuko wa koti, akafunga kishikizo. Bunduki isiyo na komeo ni bomba. Baba akasema, "Delmar, mpe mwenzako chuma chake. Ni siku ya kwanza."

"Nitampa, baba. Akija karakana nikambadilishia kifyatulio, nitampa siku hiyo hiyo."

"Siji," Arlen akasema.

"Basi litakaa."

Arlen alivua koti la chungwa, akalitupa juu ya kitanda, akawasha pikapu yake akaondoka. Hawakusemeshana kwa miaka kumi na mmoja.

Nataka mnielewe jinsi hili lilivyochosha. Laiti ajali ingetokea, hata ya kutoboa birika, mmoja angeshinda na mwingine angeshindwa na tungekula kwa amani. Lakini ajali iliyozuiwa haina ushahidi. Arlen aliweza kusema isingetokea, Delmar aliweza kusema ingetokea, na sisi wengine tuliwekwa katikati na bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani. "Ardis, mwambie mumeo asogeze viazi." Viazi viko mbele ya mumewe, na mumewe anasikia. "Ardis, mwambie kaka yako ameshakula viazi vya kutosha." Mama yetu alipofariki mwaka 1994, walibeba jeneza lake mmoja kushoto mmoja kulia, wamekaza shingo kama farasi wa mkokoteni, hakuna aliyegeuka.

Arlen alinunua bunduki nyingine. Ile ya babu ilisimama kabatini bila komeo. Nilimsihi akalichukue. "Alilete yeye," akasema. Nilivuka barabara nikamsihi Delmar alipeleke.

"Ni kipande cha chuma, Delmar! Familia inavunjika kwa kipande cha chuma!"

"Nikimpelekea atalirudisha mahali pake," akasema. "Ataingia na bunduki hiyo msituni, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempa. Wewe ungempa?"

Nilitoka nikaubamiza mlango. Baadaye Ardis aliniambia kwamba kila vuli, kabla ya kazi ya msimu kuanza, Delmar alilitoa komeo hilo kwenye droo, akalifuta, akalipaka mafuta, akalirudisha kwenye kitambaa safi. Sikujua kama nicheke au nimrushie kitu.

Ilikuwa Oktoba 1998, siku ya Jumamosi mchana, nikiwa nakusanya majani makavu, nilipoiona pikapu ya Arlen imesimama uani kwa Delmar, injini ikinguruma. Niliacha reki pale pale. Arlen alikuwa amekaa kwenye usukani anaangalia mbele kama mtu anayeendesha. Ndani ya karakana alikuwamo binti yake Britta, ambaye alikuwa ametimiza umri wa kuwinda mwaka huo. Alikuwa ameshika bunduki ya babu yetu mikono miwili.

"Shikamoo, mjomba Delmar. Nimekuja kuitengeneza hii."

"Marahaba, Britta. Na yule ni nani anayeunguza mafuta uani kwangu?"

"Ni baba. Anasema nikuambie hayupo."

"Kamwambie asiyekuwepo azime gari aje ndani. Kuna kitu cha kuona."

Britta akaenda, akarudi. "Anasema anaona vizuri akiwa kule."

Ardis alikuwa ametoka jikoni na unga mikononi. Mimi nilikuwa tayari kulia kwa hasira. Delmar hakuinua hata sauti. Alifungua droo, akatoa kitambaa, akaliweka komeo juu ya meza. Lilikuwa linang'aa kama jipya. Britta aliliangalia, akatoka nje kwa mara ya pili, na safari hii tulimsikia sote, kwa sababu alikuwa anapiga kelele.

"Baba, mimi ndiye nitakayeibeba! Mimi! Shuka!"

Injini ikazimika.

Arlen aliingia bila kusalimia. Delmar alimsogezea komeo. "Liweke mwenyewe," akasema, "nisije nikasingiziwa." Walitazama chemba wote wawili, wakageuza mtutu kwenye gunia la mchanga pembeni. Arlen akalifunga komeo taratibu, kama anafunika mtoto aliyelala. Kimya. Akamwangalia Delmar kwa jicho la ushindi.

"Umeona?"

"Tena," Delmar akasema.

Akafunga tena, taratibu. Kimya.

"Sasa umemwona kulungu. Yuko kwenye mierezi. Amekuona, anaondoka. Haya!"

Arlen akalisukuma komeo kama mwindaji. Tak!

Britta alishtuka akarudi nyuma. Arlen alimtazama binti yake, akatazama pale aliposimama, na nikaona amehesabu kichwani mwake mahali ambapo angekuwa amesimama msituni. Alitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia, akakaa.

"Badilisha," akasema.

"Nibadilishe nini?"

"Delmar," Ardis akamwambia mumewe, "yatosha!"

"Hapana, aseme. Nibadilishe nini?"

"Kifyatulio," kaka yangu akasema. "Badilisha kifyatulio, shemeji. Tafadhali."

Delmar alikitoa kile cha zamani, akakibana kwenye jiliwa akakikata vipande viwili ili kisije kumshawishi mtu mwingine, akafunga kipya. Ilichukua mchana wote kwa sababu alitaka Arlen aone kila hatua. Walipofika kwenye skrubu ya mwisho walikuwa wanagombana kuhusu timu ya mpira, na dada yangu alirudi jikoni akalia kwenye unga. Britta alipata kulungu wake wa kwanza Novemba hiyo. Leo ni mmoja wa watakaobeba jeneza.

Marehemu alitumikia kanisa hili kama mzee wa kanisa kwa vipindi vitatu, na kwa miaka mingi alifundisha darasa la usalama kwa wawindaji wapya. Wengi walilifeli, wakarudi mwaka uliofuata, wakalifeli tena. Hakuwahi kuomba radhi kwa hilo.

Ugonjwa wake alianza kuuona yeye mwenyewe, na kama kawaida hakuuamini. Mwaka 2017 mizani yake ya springi, ile ya kupimia uzito wa kifyatulio, ilianza kumpa majibu tofauti kila alipovuta. Akasema mizani imechakaa, akaagiza nyingine. Ya pili ikafanya vile vile, akasema imetengenezwa ovyo. Ya tatu ilipofika Ardis alimshika kifundo cha mkono pale mezani, katikati ya chakula. "Si mizani, Delmar," akamwambia. "Ni mkono." Aliutazama mkono wake kana kwamba ameletewa na mteja. Masika ya mwaka 2018 madaktari walithibitisha kuwa ni Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka.

Siku nafsi yake ilipomkataza kugusa tena kifyatulio cha mtu, alikaa karakana bila kufanya kitu. Ardis alimpelekea supu, akairudisha imepoa. Hiyo ndiyo siku pekee niliyowahi kumwonea huruma tupu, bila hasira ndani yake. Kesho yake asubuhi, Arlen, aliyekuwa amestaafu kuendesha lori la maziwa, alivuka uani na miwani mipya puani, akakaa kwenye kiti cha fundi, akauliza, "Haya, tuanze na ipi?"

Tangu siku hiyo hatukupata utulivu Barabara ya Kinu. Delmar alikaa nyuma yake na fimbo ya kuelekezea, nami nikiwa nyumbani kwangu na madirisha yamefungwa niliwasikia. "Robo! Nimesema robo ya mzunguko! Hiyo ni robo ya nchi gani?" "Shemeji, ukinisukuma tena nitakuachia bisibisi ufanye mwenyewe!" "Ningeweza ningefanya mwenyewe, wewe ng'ombe!" Wateja walikunywa kahawa wakisubiri wamalize kutukanana. Hakuna bunduki iliyotoka mle ikiwa mbovu.

Katika majira haya ya baridi kumeza kulimshinda, na mwezi Januari alipata nimonia, akalazwa hospitalini. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa upole ambao, lazima niseme, hakuurahisisha, maana alikuwa na maoni kuhusu magurudumu ya kitanda. Tarehe 20 Februari aliomba arudishwe nyumbani. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, upande wa dirisha linalotazama karakana.

Jumanne iliyopita, tarehe 4 Machi 2025, baada ya kifungua kinywa, Arlen aliingia kumweleza kwamba bunduki ya jirani imekwisha, imefungwa kifyatulio kipya. Nilikuwapo. Tungependa kuwaambia kwamba maneno ya mwisho ya marehemu yalimhusu Mungu, au mke wake wa miaka arobaini na saba. Sauti ilikuwa imebaki nyembamba sana, ikabidi Arlen ainame.

"Umeijaribu?"

"Nimeijaribu."

"Ijaribu tena."

"Delmar, nimeijaribu mara tatu. Imeshika."

Delmar alimwangalia tu. Arlen akashusha pumzi kwa nguvu ile tunayoijua sote, akavaa viatu vyake vya theluji, akaenda. Ardis alikuwa ameushika mkono wa mumewe. Baada ya muda mfupi aliniita kwa jina, taratibu, nikajua. Delmar alikuwa ametutoka, mkono umetulia.

Arlen alirudi akipangusa theluji, akatuona, akasimama. Kisha alikwenda kitandani, akainama kama alivyoinama mara ya kwanza.

"Imeshika, shemeji," akamwambia.

Marehemu ameacha mjane, Ardis; binti, Nadine, na mumewe Tobias, wa Duluth; wajukuu wawili, Soren na Hedda; mashemeji zake Arlen Brekke na mimi Lorna Brekke Tveit; Britta na watoto wake; na dada yake mkubwa, Bi Verna, ambaye hakuweza kusafiri kwa sababu ya theluji barabarani. Wamemtangulia wazazi wake na kaka yake Harlan. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, mchungaji, na akina mama walioandaa chakula kilichopo katika ukumbi wa chini ya kanisa, ambako mnakaribishwa baada ya mazishi. Wenye bunduki zilizobaki karakana wazifuate Jumamosi ijayo. Arlen atawakabidhi. Atazijaribu mbele yenu kwanza, mkiwa na haraka au msiwe nayo, na tafadhali msije kunilalamikia mimi.

Alituchosha sote, na sote tulirudi nyumbani wazima. Mungu ampe pumziko, na amani tele.